Mlango Ulipopelekwa kwa Seremala

Habari za njia nitaziruka. Aliyewahi kusafiri anajua kwamba jua lilikuwa kali na viatu vilibana, na ambaye hajasafiri hatafaidika kwa kuambiwa. Itoshe kusema kwamba niliingia Ujuvini asubuhi ya Jumatatu nikiwa na begi moja, mwavuli, na kiburi cha mtu aliyesimamia mitihani kwa miaka thelathini na mmoja. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue anaazima macho ya nani. Mimi ni mtu wa mihuri. Napenda foleni iliyonyooka, na napenda zaidi kumwambia mtu kwamba si zamu yake.

Ujuvini haina mto wala ziwa. Maji yake yote yapo chini ya ardhi, nayo hayatulii. Kisima kinachofurika mwaka huu, mwakani hutoa chura na vumbi. Ndiyo maana watu wa huko walikubaliana tangu enzi na enzi kuchora Ramani ya Maji, kila mtu akitia anachokijua, ili anayetaka kuchimba asichimbe kwa kubahatisha. Ramani hiyo haikuchorwa kwenye karatasi bali sakafuni, ndani ya jumba refu lenye sakafu ya chokaa. Mtu huvua viatu akatembea juu ya nchi yake mwenyewe, akavuka mji mzima kwa hatua tisa. Kwa heshima ya kazi yangu ya zamani nilipewa cheti cha siku ishirini cha kuingia humo, na nilipoweka unyayo juu ya mlima wa kwanza nilicheka peke yangu kwa furaha.

Bwana Sengo, Karani wa Mlango, alinitembeza. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye muhuri uliofungwa kwa kamba shingoni. Alinieleza kwamba zamani jumba halikuwa na mlango. Kisha mtu mmoja akachora bwawa mbele ya nyumba yake, si kwa kuwa lilikuwapo, bali kwa kuwa alilitamani. Wakubwa wakashtuka. Mlango ukawekwa, na sheria ikaandikwa juu yake: hakuna atakayepita mlango huu bila Cheti cha Ujuzi.

Nilimuuliza Cheti hupatikanaje. Alinijibu kwamba ni rahisi mno. Wajuzi watatu wanashuhudia kwamba wamekuona kwa macho yao ukiongeza jambo la kweli katika Ramani. Na je, asiye na Cheti anaruhusiwa kuigusa Ramani? Hapana, alisema, tena alinitazama kwa masikitiko kidogo, kwa sababu alikuwa ameniona mtu mwenye akili.

Nakiri kwamba niliupenda mtihani huo. Kwa miaka thelathini na mmoja nilitafuta mtihani usioweza kuibiwa, na huu hapa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba hakukuwa na aliyeufaulu kwa miaka arobaini. Wajuzi walikuwa arobaini na sasa wamebaki saba, kijana wao akiwa na miaka sabini na minane. Wawili kati ya hao saba wamekwisha kufariki, lakini kura zao zinahesabiwa bado, kwa kuwa vyeti vyao havikuandikwa tarehe ya kwisha.

Wajuzi huchora kwa nili, wino wa buluu, na nili haifutiki. Wao wanaona hilo ni jambo la heshima. Kwa sababu hiyo nilikuta kwenye Ramani ziwa zima lililokauka kabla bibi yake Bwana Sengo hajazaliwa, na barabara ya kweli, huko nje, ikilizunguka mpaka leo. Niliwaona watu wakiifuata barabara hiyo kwa macho yangu mwenyewe, mizigo kichwani, wakizunguka uwanja mkavu ili wasilowe.

Nilipanga chumba kwa Bi Zawena, dobi wa mtaa wa chini, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji na ulimi usiokunjamana hata kidogo. Alikuwa anafua majoho ya Wajuzi. Hakufua nguo zote kwa maji ya kisima kimoja. Alikuwa na ndoo saba, na kila asubuhi alikwenda huku kwa ajili ya kofia, kule kwa ajili ya shuka, na mbali kabisa kwa ajili ya madoa ya nili. Nilidhani ni wazimu wa kazi, maana kila fundi ana wake.

Jioni ya siku yangu ya kwanza akaja mjumbe na tangazo. Kisima Kikuu cha mji kilikuwa kimeanza kutoa tope, na maji yaliyobaki yangetosha siku ishirini. Wajuzi walikuwa wametembea juu ya Ramani, wakaona kwamba mkondo mkubwa unapita chini ya nyumba ya Bi Zawena. Nyumba ingevunjwa Jumatatu inayofuata ili kisima kipya kichimbwe.

Bi Zawena alimkaribisha mjumbe chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza. Kisha akakaa kwenye kizingiti. Nyumba ile aliijenga na mama yake, tofali moja moja, kwa miaka kumi na minne ya kufua. Mama yake alizikwa ubavuni mwake, kama ilivyo desturi ya Ujuvini.

“Chini ya uwanja wangu maji yapo, sikatai,” aliniambia. “Lakini si ya mkondo mkubwa. Ni kijimkondo chembamba, kikifika kiangazi kinakufa. Nayajua maji hayo. Hayataki sabuni.”

Nilimshauri akawaeleze wakubwa. Alikuwa amekwenda mara tatu mwaka uliopita, kwa jambo jingine la visima, na mara tatu Bwana Sengo alimwonyesha orodha iliyochongwa mlangoni ya watu wasioruhusiwa kwa namna yoyote. Madobi walikuwa katika mstari wa kumi na moja, baada ya wachuuzi na kabla ya walevi.

Sasa nieleze kosa, maana ni kosa ambalo lingeweza kutokea Ujuvini tu. Orodha ile ya mlangoni ilikuwa imejaa. Ilikuwa imegunduliwa aina mpya ya watu wa kuzuiwa, nao ni wapiga miluzi, na hapakuwa na nafasi ya kuwachonga. Wajuzi walijadiliana siku tatu. Wengine walitaka herufi ndogo, wakajibiwa kwamba aliyezuiwa akishindwa kusoma ataingia bila kujua kuwa amezuiwa. Ikaamuliwa mlango uongezwe ubao. Jumanne asubuhi wanaume wanane wakaung'oa, wakaubeba kwa seremala.

Bwana Sengo aliondoka nao. Sheria inasema Karani hataachana na mlango usiku wala mchana, na yeye ni mtu wa kufuata sheria. Nilikwenda kumtazama. Mlango ulikuwa umesimamishwa katikati ya karakana, ukiegemea nguzo, naye ameketi mbele yake na muhuri wake. Seremala hakuwa na Cheti, kwa hiyo hakuruhusiwa kwenda upande wa pili. Alipiga randa upande mmoja, kisha akawaita wale wanaume wanane waugeuze, akaendelea. Kuku mmoja alipita. Bwana Sengo aliandika jambo hilo kwenye daftari, pamoja na rangi ya kuku.

Jumba likabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyesahau anachotaka kusema.

Siku nzima ya kwanza hakuingia mtu. Watu walisimama nje kwa mazoea, wakitazama pale mlango ulipokuwa. Jumatano mbuzi akaingia, akafuatwa na mwenyewe, mwuza mkaa, ambaye alimkamata mbuzi katikati ya mkoa wa mashariki. Akainama. Akaona kisima cha nyumbani kwake kimechorwa nyumbani kwa jirani yake, mtu ambaye hawakuwa wakisalimiana. Akatoa kipande cha mkaa mfukoni akakichora upya mahali pake.

Nilikuwamo humo peke yangu, na Cheti changu. Nilimwambia, kwa sauti ile ile ya chumba cha mtihani, aweke mkaa chini na atoke nje ya mlango.

“Mlango upi, bwana?” aliuliza, tena kwa adabu.

Niligeuka kuuonyesha, nikakuta mkono wangu umenyooka kuelekea barabarani, ambako watu kama kumi na watano walikuwa wananitazama kwa hamu. Niliukunja. Mwuza mkaa akagawa mkaa wake, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimesimama juu ya jangwa ili nisikanyagwe.

Sijawahi kuona furaha ya namna ile, na nimehudhuria harusi nyingi. Mtu aliyestaafu kupeleka barua alipita akirekebisha majina ya vijiji, akiimba kila jina. Bibi mmoja alikuja na mto wa kukalia, akakaa kwenye bonde lake siku nzima bila kuandika kitu, ila kila aliyekosea karibu naye alimpiga gotini kwa ukindu. Kijana mmoja alijua mahali ambapo vyura huimba na hakujua kitu kingine chochote duniani. Aliweka alama arobaini na tatu za vyura, na baadaye ikaonekana kwamba thelathini na nane kati yake zilikuwa na chemchemi.

Wapotoshaji nao walikuja, tusidanganyane. Mtu mmoja aliandika kwamba kisima cha mama mkwe wake kina sumu. Kabla kahawa yangu haijapoa, wanawake watatu waliokuwa na vitambaa vibichi walikuwa wameifuta habari hiyo, na mmoja wao akachora nyumba ya mtu huyo na paa linalovuja, jambo ambalo lilikuwa la kweli. Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu mkaa. Kosa la mkaa linaishi nusu saa. Kosa la nili lilikuwa limewazungusha watu kandokando ya ziwa kavu kwa miaka tisini.

Bi Zawena aliingia Alhamisi, kwa woga, ndoo mkononi kana kwamba ametumwa kuosha sakafu. Hakwenda kwenye nyumba yake. Alisimama kwenye kisima kidogo cha soko la ndizi, akasema kwa sauti ndogo kwamba hapo pameandikwa maji ni ya mkondo wa kaskazini, na si kweli. Mtu akamuuliza amejuaje. Akasema sabuni inayotoka povu hapo hutoka povu lile lile kwenye Kisima Kikuu, hafifu mwanzoni halafu linajaa. Na hiki hapa? Akasema hicho kinaacha wekundu kwenye ukosi. Na kile? Kile kinakataa sabuni kabisa, inaganda.

Watu wakamkusanyikia. Kila walipogusa kisima alikijua, kama mtu anavyojua watoto wa mtaani kwake na mama zao. Akapewa mkaa. Akaanza kuunganisha visima vinavyofanana povu, mstari baada ya mstari, akivuka vilima ambavyo Wajuzi walisema maji hayavuki. Kufikia Ijumaa jioni visima mia mbili na kumi vya Ujuvini vilikuwa vimekuwa koo tano tu, na kila ukoo una mkondo wake. Wenzake walimletea chupa za maji kutoka kila pembe ili azijaribu, akawa amekaa katikati ya nchi na beseni na mche wa sabuni, mapovu yakimpanda mabegani, watu wakipiga makofi kila jibu linapotoka.

Mimi nilishika daftari na kuandika majibu. Hakuna aliyeniomba. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote nikidhani unawahusu watu wenye akili.

Ukoo wa Kisima Kikuu, kwa mistari yake, ulipita mbali na nyumba yake. Ulipita chini ya uwanja wa mji, ukaelekea mtaa wa maseremala. Lakini mistari ya mkaa haikuwa na kura. Jumatatu asubuhi wachimbaji walifika na sururu kwa Bi Zawena, wakiongozwa na Bwana Fumo, Mjuzi Mkuu, mzee wa miaka themanini na tano, ambaye mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni.

Mtaa mzima ulikuwa nje. Bi Zawena hakulia wala kugombana. Alitoka na beseni la maji ya uwanjani kwake na kipande cha sabuni, akamwambia Mjuzi Mkuu kwamba si heshima mgeni wa cheo chake aanze kazi na madoa mikononi. Mzee alikuwa mtu wa adabu, akanawa. Alisugua, akasugua tena. Sabuni ikaganda vidoleni kama uji uliolala. Bi Zawena akamwaga, akaleta beseni la pili, maji ya mwisho mwisho ya Kisima Kikuu, aliyoyachuja tope. Mzee aligusa sabuni mara moja tu, povu likatoka hafifu, kisha likapanda mikono, likamfika ndevuni. Watu wakaangua kicheko. Nilitazamia akasirike, lakini alisimama akilitazama lile povu, kisha akacheka na yeye mpaka akashikwa kikohozi.

“Miaka sitini nayachora maji,” alisema alipopata pumzi. “Sikuwahi kuyanawa kwa makini.”

Akawaamuru wachimbaji wahamie uwanja wa mji, pale mstari wa Bi Zawena ulipopita. Jioni ile dobi alicheza ngoma kwenye baraza yake mwenyewe, na mimi, naona haya kusema, nilicheza pia, na mwavuli.

Furaha ile haikumaliza siku mbili. Walichimba kimo cha kiuno wakagonga mwamba. Wakahama hatua kumi, wakagonga mwamba. Jumatano sururu nne zilikuwa zimevunjika, na mji ulikuwa na maji ya siku kumi na moja. Wajuzi wakakutana pale pale jumbani, wakapiga kura. Bwana Fumo peke yake alimtetea. Wanne walikuwa dhidi yake, na marehemu wawili, kwa desturi, huunga mkono walio wengi. Nyumba ingevunjwa kesho yake alfajiri.

Bi Zawena hakubisha. Alikuwa amekaa ukingoni mwa Ramani, mkaa umekwisha mkononi. “Maji nayajua,” aliniambia. “Mawe siyajui.” Akainuka kwenda kufunga vyombo. Nilimtazama akienda, na nilihisi uchungu nisiouzoea, kwa kuwa kazi yangu ya zamani haikunitaka nijue watu walikwenda wapi baada ya kushindwa.

Jumbani watu walikuwa wameanza kutawanyika. Pale kwenye uwazi wa mlango alikuwa amesimama mtu mmoja mnene, mchangamfu wa uso, kofia mkononi. Nilikuwa nimemwona kila siku mahali pale pale, haingii wala haondoki. Alikuwa ni Bwana Ngwali, mchimba makaburi. Watu wa Ujuvini hawamchukii, ila hawapendi kusimama karibu naye, kana kwamba atawapima urefu.

Alinisogelea mimi kwa sababu nilikuwa mgeni. Aliniuliza kama mtu anahitaji Cheti ili azungumzie mawe tu, si maji.

Neno ‘ndiyo’ lilinifika mdomoni lenyewe, kwa mazoea. Nikalimeza. Nikainama nikamwokotea kipande cha mkaa.

Alivua viatu akaingia kwa kunyata, akiomba radhi kwa kila mtaa aliokanyaga. Kisha akaanza kuchora, na mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Ujuvini kila mtu huzikwa ubavuni mwa nyumba yake, kwa hiyo katika miaka ishirini na sita Bwana Ngwali alikuwa amefungua ardhi ya kila mtaa. Alijua pa kuleta jembe na pa kuleta patasi. Mwamba wa mji, alisema, ni mmoja tu, mrefu, umelala chini ya uwanja wote. Alichora ukingo wake bila kuinua mkaa. Unaishia hapa, alisema, kwenye karakana ya seremala, maana miaka sita nyuma alimchimbia seremala shimo la kupasulia mbao, akafika kimo cha mtu bila kugusa hata kokoto, na chini kabisa udongo ulikuwa unyevu. Alidhani ni mvua, ingawa mwaka ule haikunyesha.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu hakimbii mjini, lakini nilikimbia, nikamkuta Bi Zawena amefunga sufuria ndani ya shuka. Nilimvuta mkono mpaka jumbani. Aliuona ukingo wa mwamba ukikutana na mstari wake. Alimtazama Bwana Ngwali, akampa mkono, akamshika mkono huo mbele ya watu wote, na Bwana Ngwali akawa hajui auelekeze wapi uso wake.

Tulifika karakanani watu zaidi ya mia, na Bwana Fumo akibebwa kwenye kiti. Shimo lilikuwapo. Lilikuwa nyuma ya mlango.

Bwana Sengo alisimama akaomba vyeti. Alikuwa amechoka, hajanyoa kwa siku nane, lakini hakuyumba. Mjuzi Mkuu alikuwa na Cheti, ila hakuweza kushika sururu. Bwana Ngwali aliweza kushika sururu. Ila Cheti hakuwa nacho. Ndipo seremala, ambaye alikuwa ameugeuza mlango ule mara ishirini na mbili na alikuwa amefika mwisho wa uvumilivu wake, akawaomba wale wanaume wanane waulaze chini. Mlango uliolala, alisema, haupitwi. Unarukwa tu.

Bwana Sengo alisema lazima aangalie. Akaketi juu ya mlango, akafungua kitabu cha sheria kwenye magoti yake, akaanza ukurasa wa kwanza. Alipofika ukurasa wa arobaini Bwana Ngwali alikuwa haonekani tena shimoni, ila makoleo ya udongo tu yakiruka. Bi Zawena alipiga magoti ukingoni na kipande cha sabuni. Kila baada ya muda alipewa konzi ya tope, akalisugua, akatikisa kichwa. Nilihesabu mara tano.

Mara ya sita akatulia. Akasugua tena. Katikati ya viganja vyake, kwenye lile tope jeusi, palitokea kipovu kimoja kidogo cheupe, hafifu mwanzoni.

“Toka humo, Ngwali,” alisema.

Bwana Ngwali alitoka kwa shida, akisukumwa na maji kwa nyuma. Yalipanda yakiwa na takataka za randa na vyura wawili, yakajaa shimo, yakavuka, yakainua benchi, yakauinua mlango. Bwana Sengo alihisi anainuka, akashika muhuri. Mlango ukaelea, ukageuka mara moja taratibu, ukatoka karakanani na Karani wake juu, ukaushika mtaa wa maseremala. Watoto kwa wazee walikimbia kando yake wakishangilia na kujimwagia maji. Tulimsikia kwa muda mrefu akiwauliza aliowapita kama wana Cheti, na naamini mpaka leo kwamba kuna wawili au watatu aliowagongea muhuri.

Nyumba ya Bi Zawena haikuguswa.

Baada ya siku tatu Wajuzi walikaa kikao kikubwa jumbani. Walikuwa na haya, na watu wenye haya hupenda sherehe. Walimpa Bi Zawena Cheti cha Ujuzi, cha kwanza katika miaka arobaini, na joho jeupe, ambalo alilitambua mara moja kwa sababu alilifua mwenyewe wiki iliyotangulia. Kisha wakasema kwamba sasa, kwa kuwa imeonekana wazi kuwa nje kulikuwa na vipaji, ni lazima mlango mpya utengenezwe, na mtihani wa haki, ili wenye vipaji waingie na wengine wasisumbue. Mtahini atakuwa Bi Zawena. Maswali niliombwa niyatunge mimi.

Niliyatunga kwa usiku mmoja, maswali kumi na mawili, na sitajidai kuwa yalikuwa mabaya. Yalihusu visima, mikondo, povu, majira. Nilijivunia hasa lile la saba. Mtahiniwa wa kwanza alikuwa Bwana Ngwali, ambaye alikuja ameoga, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akasimama mbele ya meza na kofia mkononi.

Bi Zawena alizisoma karatasi zangu polepole, kidole chini ya kila mstari. Alizisoma mara mbili. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kaburi liko swali la ngapi.

Nilimjibu kile ambacho nimewajibu wengi, kwamba mtihani hauwezi kuuliza kila kitu.

“Ni kweli,” alisema. “Nawe umeyatunga vizuri kuliko ambavyo ningeyatunga mimi. Mimi ningemuuliza sabuni tupu, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, kwa roho safi kabisa. Angepata sifuri. Ningemrudisha nyumbani, halafu ningekwenda kutazama nyumba yangu ikivunjwa, na nisingejua kamwe kwamba ni mimi niliyeivunja.”